Kuutunza na Kuunyosha Msumeno wa Umeme Wenye Mkono

Fundi seremala akata vipande vinne vya fremu ya kioo, kila ncha kwa pembe ya digrii 45. Agundisha pembe ya kwanza, nayo yafungana vizuri. Ya pili yafungana, na ya tatu kadhalika. Afikapo pembe ya nne aona ufa ambao hata akikaza namna gani hauzibi. Basi huujaza kwa gundi na unga wa mbao, hupaka rangi juu yake, kisha huilaumu mbao kuwa ni mbichi, au mashine kuwa ni mbovu.

Mara nyingi mbao haina kosa, wala mashine si mbovu. Fremu moja ina ncha nane zilizokatwa. Ikiwa msumeno umekosea nusu digrii tu katika kila ncha, makosa hayo manane yakijumlishwa huwa digrii 4, nayo yote hukusanyika katika pembe ya mwisho. Macho hayawezi kuiona nusu digrii juu ya kipande kimoja. Lakini hakuna mnunuzi asiyeuona ufa wa digrii 4. Kwa hiyo fundi atakaye kazi yake isifiwe hana budi kujua jinsi ya kuunyosha msumeno wake, na zaidi ya hayo kujua nini kitangulie na nini kifuate.

MASHINE YENYEWE

Msumeno unaoelezwa hapa ulibuniwa na Mmarekani aitwaye Raymond DeWalt mwaka 1922, naye alipewa hataza yake mwaka 1925. Kwa miaka mingi ulitumika sana katika karakana na viwanja vya mbao vya Marekani, na baadaye katika nchi nyingine. Siku hizi misumeno midogo ya kukatia pembe, ambayo ni myepesi kuchukuliwa, imeshika mahali pake katika kazi nyingi. Lakini misumeno ya mkono ya zamani ingaliko, na mafundi huinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mtu anunuaye mashine ya namna hiyo hununua pia makosa yote iliyoyapata kwa mwenyewe wa kwanza, na kazi ya kuyaondoa ni yake.

Sehemu zake ni hizi. Nyuma ya meza husimama nguzo ya chuma. Juu ya nguzo umefungwa mkono mrefu, ambao hupita juu ya meza na waweza kugeuzwa kuume na kushoto. Chini ya mkono kuna kigari chenye beringi, kiendacho mbele na nyuma juu ya reli mbili. Kigari huchukua nira ya chuma, na nira huishika mota. Katika ekseli ya mota hufungwa bamba la duara lenye meno. Juu ya meza, upande wa nyuma, husimama ubao mnyofu ambao mbao huegemezwa; ubao huo katika somo hili utaitwa egemeo.

Katika misumeno mingine ya mezani bamba hukaa mahali pamoja, na mbao ndiyo isukumwayo. Katika msumeno huu mbao hutulia, na bamba ndilo livutwalo. Hapo ndipo ulipo wema wake na udhaifu wake pia. Wema ni kwamba mbao ndefu na nzito haina haja ya kusogezwa wakati wa kukata. Udhaifu ni kwamba nguzo, mkono, kigari na nira vyote vyaweza kugeuka au kulegea, na kila kimoja kikilegea kidogo, mkato huharibika.

Jambo moja lahusu umeme. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni wa volti 120 majumbani na mizunguko 60. Mota iliyotengenezwa kwa volti 120 peke yake itaungua ikiunganishwa na umeme wa volti 240. Mota nyingine zaweza kubadilishwa nyaya zake zikapokea volti 240. Lakini hata hizo, kwa sababu ya tofauti ya mizunguko, huenda polepole zaidi. Mota iendayo mizunguko 3,450 hivi kwa dakika huko Marekani itakwenda kama 2,850 huku. Fundi asidhani kuwa imeharibika. Asiusukume msumeno kwa nguvu, bali aukate mti taratibu. Kazi ya kubadilisha nyaya ni ya fundi wa umeme.

MAMBO YA KUTANGULIA

Kwanza kabisa plagi itolewe ukutani. Haitoshi kuzima swichi, kwa sababu mkono wa mtu utakuwa karibu na meno muda wote wa kazi hii.

Pili, mashine isafishwe. Utomvu na unga wa mbao hugandamana juu ya reli za mkono, na kigari kikipita juu yake huruka kidogo. Nalo bamba huruka pamoja nacho. Reli zifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, kisha zikaushwe kwa kitambaa kingine, na mashine isiwashwe mpaka mafuta yamekauka kabisa. Reli zisipakwe grisi wala mafuta mazito, kwa kuwa mafuta hushika vumbi, na vumbi pamoja na mafuta huwa kama msasa. Akitaka reli ziteleze, fundi apake nta kidogo, kisha aisugue mpaka iwe kavu.

Tatu, bamba litazamwe. Bamba butu au lililopindika haliwezi kukata sawasawa hata mashine ikinyoshwa namna gani. Utomvu juu ya meno uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi, na bamba likaushwe lisipate kutu. Litoleapo bamba, fundi akumbuke kuwa katika mashine nyingi za namna hii nati ya ekseli hufunguliwa kwa kugeuzwa upande ulio kinyume cha desturi. Nati ikikataa, asitie nguvu kabla ya kutazama kitabu cha mtengenezaji.

Nne, kila kilicholegea kikazwe. Fundi aufunge mkono kama atakavyoufunga wakati wa kukata, kisha aushike kwenye ncha na kuusukuma kuume na kushoto. Usicheze hata kidogo. Ukicheza, kosa laweza kuwa kwenye nguzo ndani ya kitako chake, au kwenye kifungo cha mkono juu ya nguzo. Halafu akishike kigari na kukitikisa. Beringi zinazolegea zikazwe kwa bolti zake mpaka kigari kiende kwa wepesi pasipo kutikisika. Mwisho aishike mota na kujaribu kuipindua ndani ya nira. Kupima mashine iliyolegea ni kazi bure, kwa sababu kipimo cha asubuhi hakitakuwa kipimo cha jioni.

MPANGO WA KUNYOSHA

Kila hatua husimama juu ya ile iliyotangulia, kama vile ukuta husimama juu ya msingi. Fundi arukaye hatua atalazimika kurudi nyuma na kuanza tena.

Hatua ya kwanza ni meza. Meza yapasa kuwa katika umbali mmoja na mkono kila mahali. Bamba na kinga yake vikiisha kutolewa, mota hugeuzwa mpaka ncha ya ekseli ielekee chini. Karatasi moja huwekwa juu ya meza, na mkono hushushwa taratibu mpaka ncha ya ekseli iiguse karatasi, ikiwa yaweza kuvutwa lakini kwa shida kidogo. Tangu hapo mpini wa kupandisha na kushusha usiguswe tena. Mkono hugeuzwa na kigari huvutwa ili ncha ifike mbele, nyuma, kuume na kushoto, na kila mahali karatasi hupimwa. Ikivutika bure, meza iko chini mahali pale; ikibanwa isitoke, meza iko juu. Vyuma vinavyoichukua meza hulegezwa, hupandishwa au kushushwa, kisha hukazwa. Rula ndefu ya chuma ilazwe juu ya meza ionekane kama katikati yake haikubonyea.

Hatua ya pili ni mwendo wa mkono. Bamba hurudishwa, na mkono huwekwa kwenye digrii 90. Guni kubwa ya chuma hulazwa mezani, upande wake mmoja umegusana na egemeo, ambalo lenyewe limepimwa kwa rula kuwa ni nyofu. Jino moja la bamba litiwe alama ya chaki, nalo ligeuzwe liguse guni karibu na egemeo. Kisha kigari kivutwe mbele, na jino lile lile litazamwe. Likiendelea kuigusa guni kwa wepesi ule ule mpaka mwisho, mwendo ni sawa. Likiachana nayo au kuisukuma, kizuizi cha digrii 90 kilicho juu ya nguzo kirekebishwe. Sababu ya kutumia jino moja ni kwamba meno ya msumeno yamepinduliwa, moja kuume na moja kushoto, na mtu atazamaye meno tofauti hujidanganya.

Hatua ya tatu ni kusimama kwa bamba. Guni ndogo husimamishwa juu ya meza, na upande wake uliosimama huegemezwa kwenye mwili wa bamba, katikati ya meno, wala si juu ya meno. Mwanga ukionekana juu au chini, kizuizi kilicho nyuma ya nira hurekebishwa mpaka mwanga upotee.

Hatua ya nne ndiyo isahauliwayo na wengi. Yawezekana mkono kwenda sawasawa, na bamba kusimama sawasawa, lakini bamba lenyewe likawa limegeuka kidogo ndani ya nira, likaenda upande-upande kama punda aliyefungwa vibaya kwenye gari. Meno ya mbele hukata, na meno ya nyuma hufuata nje ya njia yao na kuipanua. Dalili zake ni njia pana kuliko unene wa meno, vibanzi vingi upande mmoja wa mkato, na mbao kuungua ingawa bamba ni kali. Ili kulipima, guni huwekwa tena penye egemeo. Jino lenye chaki hugeuzwa mbele ya bamba na kuguswa na guni, kisha hugeuzwa nyuma ya bamba na kuguswa tena. Likigusa pande zote mbili sawasawa, ni vyema. La sivyo, nira irekebishwe kama kitabu cha mashine kionyeshavyo. Hatua hii haiwezi kutangulia ile ya pili, maana kama mwendo wa mkono haujanyoka, hakuna cha kulilinganisha bamba nacho.

Baada ya kila hatua bolti hukazwa, kisha kipimo hurudiwa. Mara nyingi kitu hupimwa kikiwa sawa, na kukazwa kwa bolti ndiko kunakokisogeza.

MBAO NDIYO SHAHIDI

Guni yaweza kuwa na kosa lake yenyewe. Kwa hiyo hukumu ya mwisho hutolewa na mbao.

Fundi achukue ubao wa upana wa inchi 12 hivi, ulionyoshwa kwa randa, ambao kingo zake mbili zina umbali mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Atie alama kwa kalamu ya risasi juu ya uso wake, kisha aurudishe umeme na kuukata vipande viwili. Kipande kimoja kigeuzwe uso chini, na vyote viwili viegemezwe kwenye egemeo, ncha zilizokatwa zikikutana. Zikifungana bila mwanga, mkato ni digrii 90. Ufa ukionekana, upana wake ni mara mbili ya kosa lenyewe, na hapo ndipo ubora wa jaribio hili: kosa dogo lisiloonekana huonekana likiisha kuongezwa maradufu. Ufa wa sehemu 1 ya 16 ya inchi maana yake msumeno umekosea sehemu 1 ya 32 katika inchi 12.

Kwa kupima kusimama kwa bamba hutumika kipande kinene, kama cha inchi 2 kwa 4, kikisimamishwa juu ya ukingo wake. Baada ya kukatwa, nusu moja hupinduliwa ili upande wa chini uwe juu, na ncha hukutanishwa juu ya meza. Ufa ukiwa juu au chini, hatua ya tatu irudiwe.

Mwisho mkono ugeuzwe mpaka digrii 45, urudishwe 90, na jaribio la kwanza lifanywe tena. Mashine nyingi hushindwa hapa. Hukata vizuri mpaka mkono ugeuzwe, nao ukirudi haurudi mahali pake kamili. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wenye uzoefu hupendelea kuuacha mkono kwenye digrii 90 siku zote. Wakitaka kukata pembe nyingine hutengeneza kielezo cha mbao chenye pembe hiyo, wakakifunga mezani, na mbao ikaegemezwa hapo badala ya mkono kugeuzwa. Kielezo kilichopimwa vizuri mara moja hutumika mwaka mzima.

MSUMENO HUMFUATA MKATAJI

Kunyosha mashine si kwa ajili ya uzuri wa kiungo peke yake. Chini ya bamba, meno huenda mbali na mtu kuelekea egemeo. Huibana mbao vizuri. Lakini kwa kuwa hushika mti na kujivuta, bamba lataka kupanda juu ya mbao na kuja mbele kwa mkataji. Mashine iliyolegea, bamba butu, au meno yaliyoinama sana mbele huongeza tamaa hiyo. Kwa kazi ya kukata kuvuka nyuzi, bamba lifaalo ni lile ambalo meno yake hayakuinama mbele, au yameinama nyuma kidogo.

Basi mkataji aukaze mkono wake ushikao mpini, kana kwamba anauzuia msumeno badala ya kuuvuta. Mkono wa pili ukae mbali na njia ya bamba, usipungue inchi 6, wala mikono isipishane kamwe. Mkato ukiisha, kigari kirudishwe nyuma kabisa ya egemeo kabla ya mbao kuguswa. Sheria za usalama kazini za Marekani huamuru mashine iwekwe upande wa mbele ukiwa juu kidogo kuliko nyuma, ili kigari kikiachwa kirudi chenyewe taratibu. Lakini kiinuliwacho ni kitako chote, meza na mkono pamoja. Mtu ainuaye mkono peke yake huiharibu hatua ya kwanza.

Kupasua mbao kwa urefu kwa msumeno huu kuna hatari zaidi. Mbao haina budi kusukumwa ikikabili mzunguko wa meno. Ikiingizwa kwa upande usio wake, bamba huinyakua na kuirusha kama mkuki, na pengine huuvuta mkono wa mtu pamoja nayo. Vidole vya chuma vya kuizuia mbao isirudi nyuma viwe mahali pake, na atakaye kupasua mbao nyingi atafute msumeno wa meza.

Kinga ya bamba isitolewe, illa wakati wa kupima. Mwaka 2000 ilitangazwa huko Marekani kwamba mamilioni ya misumeno ya mkono iliyouzwa miaka ya nyuma yafaa kufungwa kinga mpya, kwa sababu kinga ya awali haikulifunika bamba lote. Mtu anunuaye mashine ya zamani atazame jambo hili kabla ya kutazama rangi yake.

DESTURI NJEMA

Kila jioni unga wa mbao uondolewe kwa brashi, mezani na nyuma ya egemeo, maana punje chache za unga huko huizuia mbao isiegemee sawasawa. Kila juma reli zifutwe na bolti zijaribiwe. Kila bamba likibadilishwa, hatua ya tatu na ya nne zitazamwe. Mashine ikihamishwa, au ikigongwa na mbao nzito, hatua zote zifuatwe tangu mwanzo. Juu ya meza upigiliwe ubao mwembamba, ili bamba likate huo badala ya kuitoboa meza. Ukiisha kuliwa, hubadilishwa kwa gharama ndogo. Tena yafaa kadi itundikwe ukutani, iandikwe tarehe ya kila kipimo na kosa lililoonekana. Baada ya miezi michache kadi hiyo itamwonyesha fundi ni sehemu gani ya mashine yake hulegea kwanza.

Kazi hii yote huchukua kama nusu siku mara ya kwanza. Baadaye robo saa hutosha. Fundi mwenye haraka aweza kuona kuwa muda huo ni hasara. Na ahesabu, basi, mbao alizozitupa kwa mwezi mmoja, na fremu alizorudishiwa, ndipo aamue. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Msumeno wa zamani ulionyoshwa kwa uangalifu utaifunga pembe ya nne; na ulio mpya usiopimwa utaiacha wazi.